Meli za Mizigo Zinavyoipima Bahari

Swali la mkulima wa mwani

Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, akina mama wa Pemba huteremka pwani kushughulikia mashamba yao ya mwani. Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa Mgogoni, kazi hiyo unaijua. Pengine umewahi kumsaidia mama au bibi yako kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kuzifunga kamba hizo baina ya vijiti vilivyochomekwa mchangani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja. Baadaye kilienea Pemba, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba.

Wakulima wetu hulima aina mbili za mwani. Ipo spinosamu, yenye matawi membamba, na ipo kotonii, yenye matawi manene. Kotonii huuzwa kwa bei kubwa zaidi, lakini haistahimili maji yenye joto kali. Maji yakipata joto kupita kiasi, sehemu za matawi yake hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Tangu miaka ya 2000 ilipoanza, wakulima wengi wa Zanzibar wameiona kotonii yao ikifa namna hiyo, wakalazimika kubaki na spinosamu peke yake.

"Joto la bahari limezidi," husema mama akirudi na kamba tupu. Mvuvi mzee aliyekaa kando ya ngalawa yake huweza kumjibu, "Bahari ni ile ile, mwanangu. Kila mwaka ina miezi ya joto na miezi ya baridi."

Je, ni nani aliyesema kweli? Wote wawili wameiona bahari kwa miaka mingi, na wote wawili si watu wa kudharauliwa. Lakini hakuna kati yao aliyeandika chochote. Katika somo hili tutaona jinsi swali lao linavyoweza kujibiwa, na jinsi meli zinazobeba saruji, mchele, mafuta na karafuu zilivyosaidia kulijibu.

Mkono si kipimajoto

Fanya jaribio hili. Chukua mabakuli matatu. Katika bakuli la kwanza tia maji ya baridi, katika la pili maji ya uvuguvugu, na katika la tatu maji ya moto yasiyoweza kukuunguza. Tia mkono wa kushoto katika maji ya baridi na mkono wa kulia katika maji ya moto. Ngoja dakika 2. Kisha itoe mikono yote miwili na uitie pamoja katika bakuli la maji ya uvuguvugu.

Unahisi nini? Mkono wa kushoto utakuambia kuwa maji ni ya moto. Mkono wa kulia utakuambia kuwa maji hayo hayo ni ya baridi. Mkono hulinganisha joto la sasa na joto la dakika chache zilizopita. Hauwezi kukumbuka joto la mwaka jana, wala joto la miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo tunahitaji kipimajoto, na tunahitaji daftari.

Hata kipimajoto kikitumiwa vibaya huweza kutudanganya. Katika bahari ya Pemba, maji ya juu huwa na joto la nyuzijoto 25 hivi za Sentigredi katika mwezi wa Agosti, pepo za kusi zinapovuma. Katika mwezi wa Machi, kaskazi inapomalizika, joto hilo hufika nyuzijoto 29 au zaidi. Mtu akipima mara moja mwezi wa Agosti, na mara ya pili mwezi wa Machi, atadhani bahari imeongeza nyuzijoto 4. Kumbe majira tu yamebadilika.

Tena ipo miaka isiyofanana na mingine. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe ya kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Mtu aliyeanza kupima mwaka huo angepata hesabu za kutisha. Mtu aliyeanza mwaka uliofuata angeona bahari imepoa.

Basi anayetaka kujua kama bahari inabadilika hana budi kupima mahali pale pale, kwa namna ile ile, mwezi wa Machi kwa mwezi wa Machi, kwa miaka mingi. Watu wengi hushindwa na hilo la miaka mingi.

Ni nani awezaye kupima bahari kuu?

Zipo meli zilizojengwa kwa ajili ya uchunguzi wa bahari tu. Meli hizo zina maabara, winchi na wataalamu. Kati ya mwaka 1959 na mwaka 1965, meli 40 hivi za mataifa mbalimbali zilishirikiana kuichunguza Bahari ya Hindi. Zilipata elimu kubwa sana. Lakini kazi ilipokwisha, meli zile zilirudi kwao. Meli ya uchunguzi hugharimu fedha nyingi kila siku inapokuwa baharini, na duniani kote hazitoshi. Huja mahali, hupima kwa wiki chache, kisha huondoka. Pengine hupita miaka 20 kabla ya nyingine kufika hapo.

Sasa simama pwani usiku, utazame mbali baharini. Mara nyingine utaona taa zinazokwenda polepole. Hiyo ni meli ya mizigo. Huenda inatoka Mombasa kwenda Dar es Salaam, au inatoka Uarabuni au Bara Hindi. Meli hiyo haikujengwa kwa ajili ya sayansi. Hata hivyo ina sifa ambayo meli ya uchunguzi haina, nayo ni kwamba itapita tena. Biashara huilazimisha kurudi katika njia ile ile mwezi hadi mwezi, iwe kusi au kaskazi, na gharama ya safari imekwisha kulipwa na wenye mizigo. Kinachobaki ni kumpa mtu wa meli chombo cha kupimia, na kumwomba aandike.

Madaftari ya manahodha

Wazo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1840, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, alipewa kazi ya kutunza ramani na madaftari ya safari za meli. Wenzake waliyaona madaftari yale kuwa takataka. Maury aliyafungua moja moja, akakusanya yale ambayo manahodha waliandika juu ya upepo, mikondo na joto la maji, akayachora katika ramani. Ramani yake ya kwanza, ya Atlantiki ya Kaskazini, ilitolewa mwaka 1847. Manahodha walioifuata waliokoa siku nyingi za safari. Bila shaka jambo hilo ndilo lililowafanya wenye meli wamsikilize.

Mwaka 1853 wajumbe wa nchi 10 walikutana Brussels, katika Ubelgiji, wakakubaliana kuwa meli zao ziandike hali ya hewa na ya bahari kwa namna moja. Tangu hapo kazi hiyo haikukoma. Siku hizi inasimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililoundwa mwaka 1950. Katikati ya miaka ya 1980 meli zilizoshiriki zilikuwa zaidi ya 7,000. Baadaye zilipungua.

Mabaharia wanaofanya kazi hii ni watu wa kujitolea. Saa za kupima ni zile zile kwa dunia nzima. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Baharia wa zamu huandika mwelekeo wa upepo, uzito wa hewa, urefu wa mawimbi, joto la hewa na joto la maji. Habari hizo hupelekwa nchi kavu upesi, na wataalamu wa hali ya hewa huzitumia kutabiri dhoruba.

Nahodha hapati mshahara wa nyongeza, lakini hupata utabiri ulio bora zaidi, na utabiri huo huweza kuokoa meli yake. Watu wa visiwa vyetu wanajua maana ya kutokuwa na utabiri. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja bila watu kuonywa, kikaangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia, watu walikuwa wameonywa kabla hakijafika.

Ndoo, mtungi na injini

Baharia wa zamani alipimaje joto la maji? Alitupa ndoo baharini kwa kamba, akaivuta juu, akatia kipimajoto. Kazi hiyo yaonekana rahisi kabisa. Lakini hapa pana kisa kizuri.

Ndoo nyingi zilikuwa za turubai. Unajua kwamba maji yaliyomo katika mtungi wa udongo huwa baridi, hata siku ya jua kali. Maji kidogo hupenya katika kuta za mtungi, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndoo ya turubai hufanya vivyo hivyo. Ilipovutwa juu na kusimama kwenye upepo wa sitaha, maji yake yalipoa kabla baharia hajasoma kipimajoto. Kwa hiyo aliandika joto lililo chini kidogo ya joto la kweli la bahari.

Unaweza kulithibitisha hilo shuleni. Chota maji ya joto moja. Tia nusu katika ndoo ya plastiki, na nusu katika mfuko wa kitambaa kizito kilicholoweshwa. Vitundike vyote viwili kivulini mahali penye upepo. Pima joto kila baada ya dakika 5, na uandike. Ni maji yapi yatakayopoa upesi zaidi?

Meli za injini zilileta njia nyingine. Injini ya meli hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa kwa bomba kutoka chini ya meli. Ikawa rahisi kuweka kipimajoto katika bomba hilo. Lakini chumba cha injini kina joto, na maji yanayopita humo huongezeka joto kidogo. Kwa hiyo ndoo ilipunguza, na bomba liliongeza.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilivyomalizika mwaka 1945, vipimo vingi vilitoka katika meli za Kimarekani, na nyingi kati ya hizo zilitumia maji ya injini. Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya vipimo ilitoka tena katika meli za Kiingereza, ambazo zilitumia ndoo. Katika madaftari ilionekana kama kwamba bahari za dunia nzima zimepoa ghafla mwishoni mwa mwaka 1945. Kosa hilo lilikaa katika hesabu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka wataalamu walipolieleza wazi mwaka 2008. Bahari haikuwa imepoa hata kidogo. Kilichobadilika ni chombo cha kupimia.

Kwa sababu hii daftari zuri haliandiki joto peke yake. Huandika pia tarehe, saa, mahali, aina ya chombo na jinsi kilivyotumiwa. Mwandishi anayeacha mambo hayo kwa uvivu huwaachia taabu watu wasiozaliwa bado.

Jibu la swali letu

Wataalamu walikusanya hesabu za meli zilizopita Bahari ya Hindi tangu mwaka 1901. Nyingi kati ya hizo zilikuwa meli za posta na za mizigo, zikienda Aden, Bombay, Mombasa, Zanzibar na bandari nyingine. Walirekebisha makosa ya ndoo na ya mabomba, wakaongeza vipimo vya maboya na vya setilaiti kwa miaka ya karibuni. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa, kati ya mwaka 1901 na mwaka 2012, maji ya juu ya sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, katika ukanda wa joto, yaliongezeka joto kwa nyuzijoto 1.2 katika miezi ya kusi.

Nyuzijoto 1.2 ni kidogo ukilinganisha na tofauti ya Agosti na Machi. Mvuvi mzee hakukosea aliposema kuwa majira hupandisha na kushusha joto kila mwaka. Lakini mama naye hakukosea. Majira yanapanda na kushuka kama zamani, ila sasa yanapanda kutoka mahali palipoinuka. Mwezi wa Machi uliokuwa na joto la kuvumilika kwa kotonii na kwa matumbawe, ukiongezewa nyuzijoto 1 tu, huweza kuwa mwezi wa kufa.

Tukumbuke kuwa setilaiti zilianza kupima joto la bahari vizuri karibu na mwaka 1981. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya joto la maji yetu iliandikwa na mabaharia kwa kalamu.

Kipimajoto kisichorudi

Maji ya juu si bahari yote. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyoko kati ya Pemba na bara, una kina cha mamia ya meta. Chini huko maji ni baridi na pana giza, wakati juu watu wanaogelea katika joto. Je, meli inayokwenda mbio inaweza kupima kina hicho bila kusimama?

Inaweza. Tangu miaka ya 1960 kumekuwa na kipimajoto kinachotupwa baharini na kuachwa humo. Umbo lake ni kama kombora dogo lenye pua nzito. Ndani yake kuna waya wa shaba mwembamba sana, uliozungushwa kama uzi katika kibiringo. Sehemu nyingine ya waya huo imezungushwa katika chombo kinachobaki melini. Baharia anapokiachia, kipimajoto huzama na waya hufunguka pande zote mbili, kule majini na huku melini, kwa hiyo haukatwi na mwendo wa meli. Joto la maji husafiri katika waya kama habari za umeme na kuandikwa melini. Kipimajoto huzama karibu meta 6 na nusu kila sekunde. Baada ya dakika 2 kimefika meta 760 hivi. Waya ukikwisha hukatika, na kipimajoto hubaki chini ya bahari.

Angalia kuwa chombo hicho hakipimi kina. Kina hukadiriwa kwa kuhesabu sekunde. Baadaye iligunduliwa kuwa vipimajoto vingi vilizama upesi kidogo kuliko watengenezaji walivyodhani, na hesabu za miaka mingi zikalazimika kufanywa upya. Hapa napo, kwa kuwa aina ya chombo iliandikwa daftarini, marekebisho yaliwezekana.

Tangu mwaka 1983, meli za mizigo zinazosafiri baina ya Fremantle, katika Australia, na upande wa kisiwa cha Java, katika Indonesia, zimekuwa zikitupa vipimajoto hivi katika njia ile ile. Unaweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Pemba? Kati ya visiwa vya Indonesia maji ya joto ya Bahari ya Pasifiki huingia Bahari ya Hindi. Mkondo mkubwa huyachukua maji kuelekea magharibi, ukavuka bahari nzima. Ukifika Afrika hugawanyika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na tawi moja hupanda kaskazini likipita Mafia, Unguja na Pemba. Mkondo huo ndio unaoisukuma ngalawa kuelekea kaskazini hata upepo usipovuma. Wakati wa kusi huenda kwa nguvu, na wakati wa kaskazi hupungua. Basi maji yanayopimwa karibu na Java ni mlango mmoja wa nyumba yetu.

Mikondo nayo hupimwa na meli za biashara. Kila wiki meli moja iitwayo Oleander hupeleka chakula na bidhaa kutoka pwani ya Marekani hadi kisiwa cha Bermuda, na njiani huuvuka mkondo mkubwa wa Atlantiki. Tangu mwaka 1992 chombo kilichofungwa chini ya meli yenye jina hilo kimekuwa kikipeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake kutoka kwa chembe zinazoelea. Mwangwi huonyesha chembe hizo zinachukuliwa na maji kwa kasi gani. Watu wengi walihofu kuwa mkondo ule unapungua. Miaka 20 ya kwanza ya vipimo haikuonyesha upungufu ulio wazi. Mara nyingine kazi ya kipimo ni kutuzuia tusiseme jambo ambalo hatuna hakika nalo.

Hariri iliyohifadhi zaidi ya ilivyokusudiwa

Dagaa wanaovuliwa kwa taa katika usiku wa giza hula nini? Hula planktoni. Planktoni ni mimea na wanyama wadogo mno wanaoelea na kuchukuliwa na maji. Wengi hawaonekani ila kwa hadubini. Dagaa hula planktoni, jodari hula dagaa, nasi tunakula wote wawili.

Mwingereza mmoja, Alister Hardy, alibuni chombo cha kuzikusanya planktoni kwa kutumia meli za kawaida. Ni sanduku la chuma lenye umbo la samaki, linaloburutwa nyuma ya meli, meta chache chini ya maji. Maji huingia kwa tundu dogo puani na kupita katika kitambaa cha hariri. Maji hutoka, planktoni hunaswa. Kwa nyuma kuna rafadha ndogo inayozungushwa na maji yenyewe, na rafadha hiyo huuvuta utepe wa hariri polepole. Utepe wa pili huja juu ya ule wa kwanza, planktoni zikabaki katikati, kisha vyote huviringwa ndani ya dawa ya kuzuia kuoza. Kila kipande cha hariri huwa na planktoni za safari ya kilometa 18 na nusu hivi. Meli ikifika bandarini, mabaharia hulitoa sanduku na kulipeleka kwa wataalamu. Hawahitaji kujua jina la mdudu hata mmoja.

Meli ya biashara ya kwanza kuliburuta sanduku hilo iliondoka Hull, katika Uingereza, kwenda Ujerumani mwaka 1931. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo, na hariri zake huchunguzwa na kutunzwa katika mji wa Plymouth. Imeonekana kuwa, katika miaka 40 kuanzia 1960, wanyama wa planktoni wapendao maji ya joto walihamia kaskazini katika Atlantiki kwa zaidi ya kilometa 1,000. Samaki wanaowategemea hawakuweza kubaki kama walivyokuwa.

Lakini hariri zile zilinasa kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Sanduku lilipokwama, mabaharia waliandika lilichokwamia. Mwaka 1957 waliandika kamba ya plastiki ya wavuvi. Mwaka 1965 waliandika mfuko wa plastiki. Tena baadhi ya vipande vya hariri za miaka ya 1960 vilipotazamwa upya kwa hadubini, vilikutwa na chembe ndogo za plastiki. Hardy hakufikiria plastiki alipokuwa akiunda sanduku lake. Kama hariri zingetupwa baada ya kuhesabiwa, leo tusingejua plastiki ilianza lini kuelea katika bahari zile.

Mahali ambapo meli haziendi

Meli ya mizigo huenda inakotakiwa na biashara. Kwa hiyo njia za Mombasa na Dar es Salaam zina vipimo, na sehemu pana za bahari ya kusini hazina. Vita na hatari nyingine huikata kazi. Tangu mwaka 2008 uharamia ulipozidi mbele ya Somalia, meli nyingi ziliikwepa bahari hiyo, na kwa miaka kadhaa eneo kubwa la bahari yetu ya magharibi lilibaki na vipimo vichache mno. Hesabu za siku hizo zilizokosekana haziwezi kurudishwa kwa fedha yoyote.

Sasa yako pia maboya yanayozama na kuibuka yenyewe. Yalianza kutumiwa mwishoni mwa mwaka 1999, na leo yako karibu 4,000 katika bahari za dunia. Hupima joto na chumvi mpaka kina cha meta 2,000, kisha hupeleka habari kwa setilaiti. Hata hayo, mengi hushushwa baharini na meli zinazopita.

Lakini hakuna meli wala boya liwezalo kuingia katika shamba la mwani. Maji yanapokupwa mchana, yale yanayobaki juu ya mchanga huweza kuwa na joto kubwa kuliko bahari kuu. Joto hilo litapimwa na anayeishi karibu nalo.

Kazi ya kufanya

Kwa msaada wa mwalimu wako, chagueni mahali pamoja pwani. Pimeni joto la maji mara moja kila wiki, bahari inapokuwa imekupwa. Tumieni ndoo ile ile na kipimajoto kile kile. Andikeni katika daftari tarehe, saa, mahali, joto, aina ya ndoo, upepo uliopo, na jina la aliyepima. Kipimajoto kikivunjika, andikeni siku kilipovunjika na aina ya kile kilichokuja badala yake. Mwisho wa mwaka msilitupe daftari. Wapeni wanafunzi watakaoingia darasa la tano.

Maswali

1. Kwa nini mkono hauwezi kutuambia kama bahari imeongezeka joto kwa muda wa miaka 30?

2. Eleza jinsi ndoo ya turubai inavyofanana na mtungi wa udongo.

3. Kipimajoto kinazama meta 6 na nusu kila sekunde. Kitakuwa na kina gani baada ya sekunde 40?

4. Meli ya uchunguzi ina vyombo bora kuliko meli ya mizigo. Ni jambo gani ambalo meli ya mizigo hulifanya vizuri zaidi?

5. Mwaka 1945 bahari ilionekana imepoa ghafla. Wewe ungetafuta nini katika madaftari ya meli kabla ya kuamini?

6. Daftari la darasa lenu lina vipimo vya mwezi mmoja. Je, linaweza kumjibu mama aliyerudi na kamba tupu? Litaweza lini?